Siku Moja na Bakteria wa Kijani wa Salfa

Saa mbili asubuhi. Nafungua kabati la joto, nyuzi 47 za Selsiasi, ambamo chupa za Chlorobaculum tepidum, bakteria aliyetolewa kwenye chemchemi ya maji moto huko New Zealand, zimekesha chini ya taa. Kizibo kikilegea kidogo tu, harufu ya mayai viza hujaa chumbani, kwani viumbe hawa huishi kwa salfaidi na hukua pasipo oksijeni.

Saa tatu na nusu. Seli zinapasuliwa kwa shinikizo kubwa ili nipate klorosomu, yaani vifuko vinavyonasa mwanga ndani yake, kisha kimiminika chake kinawekwa juu ya tabaka za sukari na kuzungushwa kwenye sentrifuji hadi alasiri.

Saa sita. Naandika tasnifu. Mwaka 1995 wanasayansi wa Glasgow walionyesha umbo la antena, yaani sehemu inayonasa mwanga, ya bakteria wa zambarau: pete yenye molekuli 27 za bakterioklorofili, rangi inayofyonza mwanga, kila moja ikishikiliwa mahali pake na protini. Klorosomu ninazozitenga leo hazifuati utaratibu huo. Ndani ya mfuko mmoja wenye urefu usiozidi sana nanomita 200 huweza kuwamo molekuli zipatazo 200,000, zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe bila kiunzi cha protini. Jamaa za bakteria hawa huishi katika Bahari Nyeusi, kwenye kina cha karibu mita 100, ambako mwanga ni hafifu mno. Antena ndogo isingewafaa kitu.

Saa tisa. Utepe wa kijani umejitenga, nami nauchukua taratibu kwa bomba la sindano. Spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, inaonyesha kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 750. Naongeza methanoli kwenye sehemu ndogo ya sampuli, na kilele kinahamia karibu na 670: molekuli ni zilezile, ila sasa zimetawanyika. Kipimo hiki ni cha zamani na wengi hukiona cha kawaida, lakini kwangu hakuna ushahidi mwepesi zaidi kwamba rangi ya klorosomu hutokana na mshikamano huo.

Saa kumi na moja. Napima fluoresensi, yaani mng'ao ambao molekuli hutoa baada ya kufyonza mwanga, ambayo ni dhaifu kwa sababu hewa imeingia, na kwinoni zilizomo, molekuli zinazopokea elektroni, zinaitawanya nishati ya mwanga kabla haijafika kwenye kitovu cha usanisinuru. Nikitia ditionaiti, inayoondoa oksijeni, mng'ao unapanda. Nadhani huo ni ulinzi: penye oksijeni, elektroni zinazosukumwa na mwanga zingezalisha kemikali za kuidhuru seli.

Saa moja usiku. Napandikiza chupa mpya, nikipitisha naitrojeni kwanza ili kuondoa oksijeni.