Siku moja maishani mwangu: kuitafuta rangi ya fedha

Saa moja na nusu asubuhi. Siku ya fundi wa rangi za magari huanza na ndoo ya maji, kwa kuwa rangi haisomeki kwenye bodi chafu. Gari linalonisubiri ni Toyota ya rangi ya fedha, ambayo madigadi yake ya mbele kushoto ilinyooshwa juzi, ikapigwa pati ya kujazia mabonde, na jana jioni nikaipaka praima, yaani rangi ya msingi. Kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango kinaonyesha namba 1F7. Namba hiyo hunieleza gari lilitoka kiwandani na rangi gani, lakini hainielezi jua limeifanya nini tangu hapo, wala kama kuna fundi mwingine aliyewahi kuupaka upya mlango wa jirani.

Kwa sababu hiyo nachovya pamba kwenye thina na kuisugua pale ukingoni penye rangi ya zamani. Pamba ikichafuka, maana yake chini kuna rangi ya aina ya zamani, ile inayokauka kwa thina kuruka tu, na nikiifunika kwa rangi yenye hadna, dawa ya kuikazia, itakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Leo pamba imetoka safi.

Saa mbili na nusu. Msasa. Praima naipiga P500 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), na mlango, ambao hauna hata mkwaruzo, naufifisha mng'ao kwa P1000 juu mpaka chini. Kazi hii inachosha mikono na haina la kusimulia.

Saa nne. Chumba cha kuchanganyia rangi ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sijawahi kuujutia. Kwa namba moja tu, mtengenezaji wa rangi hutoa michanganyo kadhaa: mmoja mweupe zaidi, mwingine una ubuluu, mwingine una chembe kubwa za alumini. Nabeba vibao vya sampuli hadi nje, navilaza juu ya mlango, navitazama kwanza nikiwa nimesimama mbele yake, kisha nikiwa nimeinama pembeni, kwa sababu rangi ya metaliki, yenye chembe hizo, ina sura mbili na mteja huziona zote. Taa ya chumbani siitegemei. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kukosana zikitoka juani.

Mwanafunzi wangu anamimina kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kwenye nyeusi mkono unamtetemeka. "Fundi, imezidi," ananiambia kwa sauti ya chini. Imezidi matone mawili, na katika rangi ya fedha matone mawili ya nyeusi yanaonekana. Nyeusi haichoteki tena ikishaingia, kwa hiyo tunapiga hesabu upya na kuongeza rangi nyingine zote kwa uwiano uleule, tukaishia na rangi nyingi kuliko tuliyoihitaji.

Kisha napuliza kadi ya majaribio kwa bunduki ileile ya kupulizia rangi, upepo uleule na idadi ileile ya mikono, yaani tabaka, nitakayopiga kwenye gari, na kuifunika kwa kliya, ile rangi ang'avu ya juu isiyo na rangi. Fundi anayepima rangi kwa kuchovya kijiti ndani ya kopo anajidanganya. Ukipiga rangi hii ikiwa mbichi sana, chembe za alumini huzama na rangi huwa nzito. Ukiipiga kavu, hubaki juu na rangi hupauka. Kadi ya kwanza inalingana kwa mbele, ila pembeni ni nyeusi mno. Napunguza chembe kubwa, naongeza ndogo. Kadi ya tatu ndiyo inayokubali.

Saa sita na nusu. Mwenye gari anapita. "Fundi, mlango nao una kosa gani?" Namjibu: "Mlango hauna kosa, mzee, ila rangi ya fedha ikikatwa kwenye ukingo wa mlango, jicho litauona mpaka huo kila siku." Namwonyesha kadi ikiwa imelala juu ya mlango, nami naiinua na kuishusha juani hadi anapotikisa kichwa kukubali. Rangi itafifia taratibu ndani ya mlango, na kliya itaufunika mlango mzima.

Saa nane. Navaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, kwani hadna ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha na ambayo pua haikuonyi mapema. Kitambaa cha puani ni cha kuzuia vumbi la msasa tu.

Bunduki ina tundu la milimita 1.3, nayo naishika sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Mkono wa kwanza haujamaliza madigadi ninapoona vishimo viwili vikifunguka, vya duara, kila kimoja kama kichwa cha pini, rangi ikikimbia katikati yake. Ni silikoni, aina ya mafuta inayoifukuza rangi. Kosa ni langu: nilifuta mafuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu na dawa ya kung'arisha matairi. Nasubiri ikauke, napiga P800, nafuta upya kwa vitambaa viwili vipya, kimoja cha kulowesha na kimoja cha kukausha, kisha napuliza rangi nyepesi kama vumbi kabla ya mkono kamili. Nusu saa imekwenda.

Mkono wa mwisho naupiga kwa mbali zaidi na upepo mdogo ili chembe zilale sawa. Kliya naichanganya sehemu mbili kwa moja ya hadna, naipiga mikono miwili, na kati ya mikono hiyo nagusa tepu ya karatasi, kamwe si bodi, hadi kidole kisivute nyuzi.

Saa kumi na moja. Bodi imekaa dakika 30 kwenye nyuzijoto 60, na hizo ni nyuzi za bati lenyewe, si za hewa ya chumbani. Tunalisukuma gari nje mwanga ukiwa umelegea. Nainama pembeni, nasimama mbele, nainama tena. Mlango na madigadi ni kitu kimoja. Karibu na taa kuna punje moja ya vumbi iliyonaswa ndani ya kliya. Kesho, kliya ikishakaza, nitaiondoa kwa P2000 na kupolishi.