Nilivyoipata 7a yangu ya kwanza baada ya kuwanyamazisha wenzangu

"Nukta, nyoosha tu mkono! Rafu si hiyo hapo!"

Kauli hiyo niliisikia kila nikiwa ukutani, kwenye mchezo wetu wa kupanda miamba, mpaka nikawa naiota. Mwenye kuipenda zaidi ni Twiga, jamaa wa sentimita 189 ambaye kwake hakuna kishikio kilicho mbali. Mimi nina 153. Kwenye njia niliyokuwa naipigania, ya daraja la ugumu 7a, pagumu ni karibu na bolti ya tano, moja ya zile zilizofungwa mwambani ili kamba ipitishwe. Ukuta unakuinamia, mkono wa kushoto unabaki ndani ya kitundu kinachoingia vidole viwili, halafu inabidi uifikie rafu, kishikio kipana kilicho juu upande wa kulia. Twiga huifikia kama mtu anayewasha taa chumbani kwake. Mimi nikijinyoosha hadi bega linalia, bado nimepungukiwa na kiganja kizima.

Kundi letu lina midomo mingi kuliko kamba, na kila mtu ana dini yake. Mmoja anaamini vidole. Jioni nzima yuko kwenye ubao wa mazoezi akining'inia, na mtu akianguka anatoa hukumu kabla kamba haijaacha kutikisika: "Vidole hivyo, vidole." Wa pili anaamini miguu, na ukiwa ukutani anaongea na viatu vyako, si na wewe. Wa tatu tunamwita Daktari kwa sababu hakusomea udaktari. Kwake kila kitu ni pumzi. Twiga anaamini mikono mirefu, ingawa hakubali kwamba hiyo ndiyo imani yake. Na yupo Mzee, aliyeanza kupanda kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Yeye anaamini fundo la nane, lile la kujifungia kamba kiunoni, na kukaa kimya.

Jina la Nukta alinipa Twiga kwa ajili ya kimo changu. Nilinuna wiki moja, mpaka Mzee aliponiambia nilishike vizuri, ni jina kubwa. Miaka ya 1970 huko Frankenjura, Ujerumani, kijana Kurt Albert alikuwa akipanda njia ambazo wengine walizipanda kwa kuvuta misumari iliyopigiliwa mwambani. Yeye alitaka mikono na miguu yake tu. Akishaimaliza njia kwa namna hiyo, anapaka nukta nyekundu chini yake. Ndiko ilikotoka desturi tunayoifuata hadi leo: njia huhesabiwi mpaka uipande kutoka chini hadi juu, bila kuanguka, bila kukaa kwenye kamba hata mara moja.

Kwa hesabu hiyo, mimi sikuwa na kitu. Nilishaanguka pale pale mara kumi na nane.

Na kila nikifika pale, chini panageuka mnada. "Mguu wa kushoto juu!" "Siyo huo!" "Geuza kiuno!" "Pumua, dada, pumua!" Ubaya ni kwamba mwili unawasikia wote. Najikuta nimeinua mguu wa kushoto, nikaushusha, nikainua wa kulia, yote ndani ya sekunde tatu, na muda wote huo vidole viwili ndivyo vilivyobeba uzito wangu. Halafu naanguka, na chini wanaendelea kubishana nani alikuwa sahihi, mimi nikizunguka hewani kama ndoo kisimani.

Sikulaumu kelele. Nilijilaumu mimi, nikaamini yule wa vidole ndiye mwenye ukweli, nikaongeza mazoezi ya ubao. Wiki ya tatu kidole cha pete kikaanza kuuma kwenye shina. Pale kuna tepe ndogo zinazoishikilia kano ilale kwenye mfupa, na vitundu vya vidole viwili vina sifa mbaya ya kuzichana. Nikakaa chini siku kumi. Kidole kilipona, lakini faida kubwa niliipata kwenye kukaa kwenyewe, maana kwa mara ya kwanza nilisikiliza soga zetu bila kuwa mada.

Soga zenyewe mnazijua. Je, Mmarekani Alex Honnold alipopanda El Capitan, ule mwamba mkubwa wa Yosemite, Marekani, bila kamba mwaka 2017, kwa chini ya saa nne, ule ni ushujaa au kichaa? (Daktari: pumzi.) Je, kupanda ukuta wa mita 15 kwa kasi ni kupanda, au ni mbio zilizosimamishwa wima? Kwenye Olimpiki ya Tokyo waliuchanganya mchezo huo na mingine miwili katika medali moja, Paris 2024 wakaupa medali yake, na kwetu bado kesi haijaisha. Siku hiyo mjadala ukaangukia kimo. Twiga akasema, kwa upole kabisa, ndiyo maana niliumia, kwamba kuna njia ambazo hazikuumbwa kwa watu wafupi.

Mzee alikuwa anakunja kamba. Hakuinua macho. "Lynn Hill ana sentimita ngapi?"

Hakuna aliyejibu, akajijibu mwenyewe: mpandaji huyo wa Marekani ana karibu 157. Mwaka 1993 ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kuipanda njia ya The Nose kwenye El Capitan kwa mikono na miguu tu, ukuta wa takriban mita 900 uliowashinda wanaume wa kila kimo. Mwaka uliofuata akarudi akaimaliza tena, safari hii ndani ya siku moja. Kuna sehemu ambapo ufa ni mwembamba kiasi kwamba vidole vinene haviingii. Vyake viliingia.

"Na msimsifu tu kwa hilo," Mzee akaendelea. Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, Lynn Hill huyo huyo alianza kufunga kamba kiunoni, akakatizwa katikati, hakulimalizia fundo. Akapanda hadi juu. Alipokaa kwenye kamba ili ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampunguzia kasi, akanusurika. Bingwa mkubwa vile, fundo la siku zote. "Soga ni tamu," Mzee akasema, "lakini zina mahali pake."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoiba. Jumamosi iliyofuata, kabla sijavaa viatu, niliwaambia hivi: "Jamani, ombi moja. Mtu akishika kamba kujifunga, tunanyamaza. Akiondoka chini, anaongea mshika kamba peke yake, yule anayemdaka akianguka. Akirudi chini, mnaruhusiwa kumchana mtakavyo."

Nilijua nikisema "mnanisumbua" nitaonekana mwenye kiburi na utani utakufa, na mimi bila utani ule ningeshaacha mchezo huu zamani. Kwa hiyo nikaifanya iwe sheria ya wote. Walinicheka, bila shaka. Mmoja akauliza kama na upepo tuuzime. Twiga alichukua brashi ya kusafishia vishikio akaiuma kwa meno, akatoa ishara kwamba mdomo umefungwa. Lakini walikubali.

Siku hiyo sikujaribu hata kufika juu. Nilipanda hadi bolti ya tano, nikamwomba mshika kamba aibane, nikaning'inia kwenye mshipi wa kiunoni na kutazama. Hakuna aliyesema neno. Ni ajabu jinsi mwamba unavyobadilika usipoelekezwa pa kuangalia. Kitundu, rafu, na alama za vumbi jeupe la chaki za watu wote waliopita, zote zikielekea kule kule juu kulia. Halafu nikaangalia pasipo na chaki. Usawa wa kifua changu, kushoto kidogo, palikuwa na ukingo mwembamba kama nusu ya ukucha wa kidole gumba, umejaa mchanga na utando wa buibui. Hakuna aliyewahi kuugusa. Aliye mrefu anaupita akiwa bado chini na hana shida nao.

Nikatoa brashi yangu, nikausugua, nikaupuliza, mchanga ukanirudi machoni. Vidole vitatu vikaenea, dole gumba nikalilaza juu yake kufunga. Haukuwa kishikio cha kukaa, ulikuwa cha kupitia. Lakini kutoka hapo niliweza kuinua kisigino cha kulia hadi karibu na kitundu, nikakikaza kama mkono wa tatu, na ile rafu iliyokuwa ikinipungukia kiganja sasa ilikuwa mbele ya pua. Yule wa miguu alikuwa amekaribia ukweli kuliko wote. Sikumwambia.

Niliipata jaribio la tatu la siku iliyofuata. Nakumbuka sauti ya raba ya kiatu ikisaga jiwe, na mshika kamba akisema "nimekushika" mara moja tu, pale kwenye ule ukingo. Kutoka kwenye rafu hadi mnyororo wa juu, njia inapoishia, ni kupanda kwa kawaida, lakini nilitetemeka njia nzima kama mwizi.

Nilipogusa chini, mnada ukafunguliwa. Twiga akatoa brashi mdomoni: "Kwa kishikio hicho, hiyo si 7a tena. Ni 6c+, daraja moja chini." Nilikuwa bado sijafungua fundo! Daktari akamkumbusha Akira, njia ya Fred Rouhling kule Ufaransa. Mwaka 1995 yeye alipendekeza 9b, daraja ambalo wakati huo halikuwa na mtu, watu wakabishana miaka 25, mpaka Wafaransa wawili wakairudia mwaka 2020 na kusema ni 9a. "Kwa hiyo subiri 2050 ndiyo umshushe," Daktari akamwambia. Maoni yangu ni kwamba daraja ni kipimo cha mwili wa aliyeliandika, na anayedhani ni sawa kwa wote huwa ni mrefu. Twiga akasema hiyo ni falsafa, si hoja. Akajifunga kamba aonyeshe jinsi njia yangu ilivyo rahisi.

Nikamshikia mimi. Kwa tofauti ya uzito wetu, yeye akianguka mimi hupaa, tunakaribia kukutana njiani, kwa hiyo nilijifunga kwa nyuma kwanza kwenye mti. Alifika kwenye ule ukingo vizuri. Kisha akajaribu kuinua kisigino, na magoti yake yakamjia masikioni. Alikunjika kama kiti cha kukunja, makalio nje, miguu ikitetemeka, na chini pakawa kimya kabisa, maana sheria ni sheria.

"Nukta," akaita kwa sauti nyembamba, "mguu unaweka wapi hapa?"

Mshika kamba ndiye mwenye ruhusa ya kuongea.

"Nyoosha tu mkono," nikamwambia.