Upinde, Ulingo na Mbu wa Minnesota: Nilivyopata Utulivu Porini

Niliishi miaka minne Ifakara, katika bonde la Kilombero, na kwa hiyo nilipohamia Minnesota, Marekani, nilijiona mtu niliyekwisha kufuzu mambo ya mbu. Sikujua kwamba mbu wa chumbani, ambaye dawa yake ni chandarua, na mbu wa porini, anayekukuta umekaa juu ya ulingo saa tatu nzima bila ruhusa ya kutikisa hata kidole, ni maadui wawili tofauti. Katika misimu minne ya kuwinda kulungu kwa upinde nimepewa ushauri mwingi mbaya na watu wenye nia njema, ushauri ulionigharimu fedha, vifaa na kulungu wawili, na sasa kwa kuwa nimepata dawa ya jambo hili sioni sababu ya mwenzangu kupita njia ile ile.

Mwenye bunduki hapa huingia porini Novemba, wakati baridi imekwisha kuwamaliza mbu. Sisi wa upinde tunaanza katikati ya Septemba, na mazoezi ya kulenga shabaha tunayaanza Juni na Julai, miezi ambayo mbu wa jimbo hili, lenye maziwa zaidi ya elfu kumi, wanatoka kwa makundi. Tena kulungu hutoka kichakani kuelekea malishoni jioni jua linapozama, na saa hiyo hiyo ndiyo mbu nao wanatoka. Mpiga upinde akishavuta, mikono yake yote miwili imekamatwa, na mnyama yuko mita 18 tu mbele yake akiwa na macho makali na pua kali kuliko macho. Mbu akitua juu ya kope wakati huo, huna namna ya kumpiga.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa rafiki yangu wa Bukavu, tunayefanya naye kazi zamu moja. Aliniambia, "Kaka, kula kitunguu saumu wiki mbili, hawatakugusa." Nilikula wiki mbili. Mwingine akanipa vidonge vya vitamini B, na mwingine bangili za mpira zenye harufu ya mchaichai. Vyote hivyo havikunisaidia chochote, na kitunguu saumu kilinipa harufu ambayo kulungu yeyote angeipata kabla sijauona mkia wake. Nasema wazi kwamba mambo haya yaachwe, kwa sababu anayeyategemea huingia porini akiamini amejikinga na kumbe hakujikinga.

Pigo kubwa lilikuja baadaye. Muuzaji wa duka moja la vifaa vya upinde aliniambia ninunue dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 100, kwa maelezo kwamba kadiri asilimia inavyopanda ndivyo mbu wanavyokimbia. Sitaki nieleweke vibaya: DEET ni dawa ya kweli. Jeshi la Marekani liliitengeneza mwaka 1946, raia wakaanza kuipata mwaka 1957, na mpaka leo ni miongoni mwa dawa za ngozi zinazoaminika zaidi. Alichokosa kuniambia yule muuzaji ni mambo mawili. La kwanza, asilimia huongeza muda wa kinga, si nguvu yake, na ikishapita asilimia 50 hivi hata muda wenyewe hauongezeki kwa maana, kwa hiyo asilimia 25 au 30 inatosha kabisa kwa jioni moja. La pili, na ndilo lililoniumiza, ni kwamba DEET huyeyusha aina nyingi za plastiki.

Ilikuwa jioni ya Julai, uwanjani tunakofanyia mazoezi, penye sanamu za wanyama za sponji zilizopangwa ndani ya msitu. Nilijimiminia dawa viganjani, nikajipaka shingo, masikio na mikono, kisha bila kuwaza nikashika upinde wangu wa kapi, yaani wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, nikapiga mishale kama 40, nikatumia mara nyingi kile kifaa cha kupimia umbali, nikarudi nyumbani nimefurahi kwa kuwa mbu walikuwa wamekaa mbali. Asubuhi yake nilifungua mkoba. Juu ya ganda la kipima umbali palikuwa na alama za vidole vyangu vinne, zimezama ndani ya plastiki kama mtu aliyebonyeza nta ya moto, mistari yote ya ngozi ikisomeka moja baada ya nyingine. Kioo cha saa yangu kilikuwa na ukungu ambao hakuna kitambaa kilichoweza kuufuta. Vile vijiti vya plastiki vinavyong'aa, ambavyo mtu huvilinganisha na shabaha, viwili vilikuwa vimefifia na kunata. Hata pale mkono unaposhika upinde, rangi ilikuwa imelainika na kubaki imegandamana na ufumwele wa glavu. Hasara yote ilikuwa kama dola mia mbili na ushee, na zaidi ya fedha, nilipoteza imani na upinde wangu kwa mwezi mzima, kwa sababu sikujua ni wapi pengine dawa ile ilikuwa imefika.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba dawa inayogusa ngozi karibu na upinde ni pikaridini ya asilimia 20, ambayo haili plastiki na haina harufu kali, nami huipaka kwa sehemu chache tu zilizobaki wazi, kisha nafuta viganja kwa kitambaa kibichi kabla ya kugusa kitu chochote. Kinga yenyewe nimeihamishia kwenye nguo.

Hapa ndipo mama yangu alipoingia. Mzee mmoja jirani, mwindaji wa siku nyingi, alinionyesha chupa ya permethrini ya asilimia 0.5, dawa ya kupulizia nguo, viatu na mahema, isiyopakwa mwilini kamwe. Nilipokuwa nazungumza na mama kwa simu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamweleza kwamba nimepata dawa inayofanana na ile ya maua. Sisi tumekulia karibu na Mafinga, penye kiwanda cha pareto, na mama alichuma maua ya pareto miaka mingi, akiyaanika juu ya mikeka hadi nyumba nzima inanuka. Akaniuliza, "Mwanangu, umekwenda mpaka Marekani kununua pareto?" Kwa kweli hakukosea sana. Permethrini ilitengenezwa maabara kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto, ikafanywa iwe ngumu zaidi ili jua lisiiharibu upesi, kwani pareto yenyewe hupoteza nguvu haraka ikikaa juani. Ndiyo dawa ile ile iliyotumika katika baadhi ya vyandarua vyenye dawa tulivyolalia Ifakara.

Ninapulizia nguo zangu zote za kuwindia nje ya nyumba, zikiwa zimetundikwa kwenye kamba, mbele na nyuma, hadi zilowe, nikitilia mkazo soksi, pindo za suruali, mikono ya shati na kofia. Paka wetu hufungiwa ndani mpaka nguo zikauke kabisa, kwa kuwa permethrini mbichi ni sumu kali kwa paka. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, paka akidhurika, upinde huo nao utahama," na nilimwelewa. Zikishalala usiku kucha na kukauka harufu inaondoka, na kinga hubaki wiki sita hivi au kufuliwa mara sita. Chupa moja haizidi dola 20 kwa kawaida, nami hutumia mbili kwa msimu.

Nguo peke yake haziunusuru uso, na uso wa mpiga upinde ni jambo la pekee ambalo washauri wangu wote hawakulifikiria, kwa kuwa wengi wao ni wavuvi au watembezi. Nilinunua chandarua cha kichwa kama wanachovaa wavuvi. Septemba ya msimu wangu wa pili, kulungu jike alikuja hadi mita 20, akasimama ubavu. Nikavuta. Ninapovuta, upote, yaani uzi wa upinde, hugusa ncha ya pua na pembe ya mdomo, na mkono wa kulia hutulia chini ya taya. Mahali hapo pasipokuwa pale pale kila mara, mshale hauendi pale pale. Safari hiyo mkunjo wa chandarua uliingia kati ya upote na shavu. Nilipofyatua, chandarua kilivutwa mbele, kofia ikanigeukia machoni, na mshale ukapita upana wa mkono mmoja nyuma ya mnyama, ukazama ardhini. Nashukuru kwamba ulimkosa kabisa, maana kumjeruhi mnyama na kumpoteza ni jambo ambalo nisingelisahau.

Nilikaa na tatizo hilo majira yote ya baridi. Nikikata chandarua chote upande wa kulia, mbu wanaingia. Nikikibana usoni, mbu wanauma kupitia matundu, kwa sababu kitambaa kilichogusa ngozi si kinga tena. Nikivaa kofia yenye ukingo mrefu ili kukitenga na uso, ukingo unagonga upote. Mwishowe tulikaa na mke wangu mbele ya cherehani yake, tukatengeneza kitu ambacho mpaka leo najivunia. Tulichagua chandarua cheusi, kwani cheusi humeza mwanga na jicho linaona vizuri kupita ndani yake kuliko cheupe. Tukakata dirisha dogo, si kubwa kuliko kiganja cha mtoto, kuanzia jicho la kulia hadi pembe ya mdomo, na kulishonea mpira wa nguo kuzunguka, ili kingo zake zishike uso bila kulegea. Chini, usawa wa kola, tukapitisha waya wa henga ya nguo uliokunjwa mviringo, unaokitenga kitambaa na shingo na shavu la kushoto. Juu nikavaa kofia yenye ukingo mfupi kama vidole viwili. Lile dirisha peke yake ndilo ninalolipaka pikaridini, nikikwepa jicho.

Kisha nikafanya mazoezi Julai yote nikiwa nimevaa hivyo, pamoja na glavu, hata siku ambazo mbu hawakuwepo. Wenzangu uwanjani waliuliza maswali mengi. Lakini mishale 20 ya kwanza ilinionyesha kwamba shabaha yangu ilikuwa imehamia kushoto kidogo kwa sababu ya ule mpira kwenye shavu, nikarekebisha upinde kulingana na hali hiyo, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba mtu afanye mazoezi na vazi lile lile atakalowindia. Shati nalo lina mgogoro wake: likibana, mbu wanauma kupitia kitambaa, likilegea, upote unalipiga mkono wa kushoto wakati wa kufyatua. Navaa shati pana na kulifunga kwa kikinga mkono cha ngozi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko.

Kilichobaki ni kile kifaa kidogo cha gesi kinachopasha moto karatasi yenye alethrini, ndugu mwingine wa pareto, na kusambaza moshi usioonekana kwa duara ya mita nne au tano hivi. Watu wengi hukiweka mahali popote kisha hulalamika. Mwindaji wa upinde hukaa upepo ukitoka kwa mnyama kuja kwake, na kwa hiyo mimi hukitundika upande upepo unakotoka, usawa wa magoti, ili dawa ipite mwilini mwangu kisha iende nyuma, ambako sitarajii kulungu. Nakiwasha robo saa kabla ya kutulia. Upepo ukiwa mkali hakifanyi kazi, lakini upepo ukiwa mkali mbu nao hawaruki vizuri.

Baridi ya kwanza ikishawaua mbu, msilegee. Kupe wa kulungu, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, waliokomaa huzunguka Oktoba na Novemba, na kila siku ambayo hewa si ya kuganda. Kupe hana mbawa. Anapanda kutoka kwenye majani, ndiyo maana suruali yangu inaingia ndani ya soksi zenye dawa. Nikifika nyumbani nguo huenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika kumi, kabla ya kufuliwa, kwa sababu kupe anaweza kuvumilia maji lakini ukavu wa moto unamuua. Mara moja tu nilimkuta mmoja nyuma ya goti, mkubwa kama punje ya ufuta. Niliambiwa nimchome kwa kiberiti au nimpake mafuta mazito. Badala yake nilitumia kibano chembamba, nikamshika karibu kabisa na ngozi, nikamvuta taratibu bila kumpinda, nikaosha kwa sabuni na spiriti. Mdudu huyu huhitaji kwa kawaida zaidi ya siku nzima akiwa ameng'ang'ania ili aambukize, na kwa hiyo kujikagua kila usiku kuna faida kubwa.

Mwishoni mwa Septemba iliyopita, jua lilipokuwa linazama, nilikuwa juu ya ulingo nikisikia mlio wa mbu nje ya duara yangu, lakini usoni mwangu hapakuwa na hata mmoja. Kulungu dume alitoka kwenye miti ya mialoni, akasimama mara mbili, akanusa, akaendelea. Nilivuta alipopitisha kichwa nyuma ya mti. Nilishikilia muda mrefu kuliko nilivyowahi, labda nusu dakika, nikisubiri ageuze bega, na katika muda huo wote hakuna kilichonigusa kope. Mshale uliingia pale nilipotaka.

Nilisubiri nusu saa kabla ya kushuka. Wakati wa kumpasua gizani, taa ya kichwani na harufu ya damu vilileta mbu kutoka pande zote. Nikakishusha kile kifaa kutoka kwenye mti, nikakiweka chini upande wa upepo, hatua mbili kutoka kwenye mzoga, nikapiga magoti na kumaliza kazi yangu.