Leo kaka kaitika jina lake

Nimetoka mahakamani sa hivi, nipo kwenye bajaji narudi Ngamiani, mikono bado inatetemeka.

Mnaojua mnajua, kaka alikamatwa kwa kesi ya kuvunja duka, siku ya kwanza hakimu anamsomea mashtaka yeye anamuuliza kama ngalawa imefungwa vizuri 😔 Kesi ikasimama, akapelekwa Isanga, kule hospitali ya akili ya Mirembe Dodoma, wampime akili wamtibu waandike ripoti.

Leo karudi.
Kaitwa jina, kaitika. Kasomewa, kajibu "nimeelewa mheshimiwa, si kweli." Mama kanibana mkono mpaka kucha zimeingia.

Kilichonimaliza mie ni shati. Vifungo vyote kafunga sawa, mpaka cha shingoni, huyuhuyu aliyekuwa anavaa shati nje ndani watu wanamcheka sokoni.

Jirani ananipigia eti hongereni kaachiwa, jamani kaachiwa wapi, kesi ndo kwanza inaanza, ila sasa angalau anajua anashtakiwa nini.

Wenye ndugu aliyepitia haya, dawa mnazifuatiliaje akiwa mahabusu? Nijibuni hata inboksi.