Bakora ya baba mkwe, na nyoka aliyenitoa jasho

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kabla ya haya sikuwahi kuchonga hata mwiko. Lakini baba mkwe wangu, mzee wa Muheza, goti lilipoanza kumsumbua akawa anatembelea mpini wa jembe, na mimi kila nikienda kumpa shikamoo naona haya. Nawashonea watu suti za harusi, mkwe wangu anaegemea mpini! Bakora za dukani nikazikataa kwa kiburi tu. Nikatamka mbele ya watu kwamba nitamchongea mwenyewe, tena yenye nyoka aliyejiviringa kutoka chini hadi juu.

Balaa la kwanza likawa washauri. "Tafuta mpingo, fimbo ni mpingo." Haya. Nilipokwenda Dar kufuata vitambaa nikauziwa gongo jeusi tii, elfu ishirini na kitu. Kufika Tanga viganja vyangu vyeusi, kanzu ina alama za vidole. Nikalitumbukiza gongo kwenye ndoo. Likaelea kama chupa tupu. Mpingo wa kweli unazama, na weusi wake uko ndani, kwenye moyo wa mti. Ganda la nje ndilo jeupe-jeupe. Wangu ulikuwa kinyume: mweusi nje, mweupe ndani. Nimepakiwa rangi ya viatu na mtu aliyeniita "kaka" mara saba.

Baadaye nikashukuru. Mpingo unakula makali ya patasi, si mti wa mwanafunzi.

Shemeji akanikatia fito tatu za mkole mpakani mwa shamba lake, nene kama inchi moja na robo, mbichi kabisa. Hapo akatokea mshauri wa pili, huyu kweli ana karakana, akasema nimenye maganda nianike juu ya bati, wiki moja zitakuwa zimekauka. Siku ya nne nikasikia "ta!" usiku, nikadhani paka. Asubuhi fito mbili zimepasuka kuanzia kwenye ncha, ufa unaingia shilingi. Jua linakausha ncha na ngozi ya nje upesi, ndani bado kuna maji, mti utaacha kujichana? Ya tatu ilinusurika, nikaichemsha ili nipinde kishikio. Ilikunja kidogo, ikanikatikia mkononi kama muwa.

Nikarudi kwa shemeji na uso mkavu. Safari hii sikumuuliza mtu. Maganda nikayaacha, zile ncha nikazipaka nta ya mshumaa zisikauke upesi, na kupinda nikapinda siku ileile mti ungali mbichi. Debe la maji motoni, ncha ya fimbo ndani, mdomo wa debe nimefunika gunia mvuke usitoroke. Nikahesabu saa moja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo saa moja na robo. Mama watoto alikuwa anataka kupika wali kwenye jiko hilohilo, hayo tuyaache.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapojisifu. Fimbo ikipindwa, upande wa ndani unajibana na upande wa nje unavutika, na kuvutika ndiko kunakoipasua. Nikiwa nawaza nikaona chini ya meza yangu ule utepe wa bati unaofungia marobota ya mitumba. Nikaulaza upande wa nje wa kishikio, nikaufunga huku na huku kwa tyubu ya baiskeli ukakaza hasa, ndipo nikapinda polepole kuzunguka kisiki cha mnazi. Bati likabeba mvuto wote. Mti ukalala kama kola ya shati iliyopigwa pasi! Nikafunga kamba, nikaisukuma uvunguni mwa kitanda miezi mitatu.

Nyoka je? Nilijaribu kumchora kwa macho, akatoka mnene huku, mwembamba kule, kama aliyemeza kuku. Kisha nikakumbuka biasi, ule utepe wa kitambaa tunaopindia shingo za nguo. Biasi hukatwa mshazari, ndiyo maana inalala kwenye mviringo bila kukunjamana. Nikaizungusha kwenye fimbo kuanzia chini, nikaipigia mstari wa penseli pande zote mbili, nikaibandua: mwili wa nyoka huo hapo, upana sawa mwanzo mwisho. Patasi mbili na tupa nilinunua za mtumba, hazikuzidi elfu kumi na tano nadhani. Magamba niligonga kwa kipande cha antena ya redio nilichokipasua katikati. Kila pigo linaacha alama kama mwezi mchanga. Macho ni shanga mbili nyeusi zilizobaki kwenye gauni la bi harusi mmoja.

Kung'arisha nikasikiliza tena watu (sikomi), nikapaka mafuta ya nazi. Siku mbili inanata vumbi, ya tatu panya wameutafuna mkia. Nikapiga msasa upya, nikapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikasugua kwa kipande cha kitambaa cha suti hadi mkono ukafa ganzi. Panya hawakurudi.

Urefu usipime nyumbani kwako. Mzee asimame amevaa viatu anavyotembelea, mkono uning'inie, upime kutoka chini hadi mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Mimi niliacha inchi tatu za ziada nikaenda na msumeno Muheza, nikakata mbele yake, ncha nikaivisha kipande cha tairi.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akapapasa magamba, akafuata mwili kwa kidole hadi juu, pale kichwa kilipolala chini kidogo ya kishikio, mdomo umeelekea kiganjani. Akanirudishia.

"Mwanangu, kazi nzuri. Lakini huyu mbona ananipandia mkononi?"

Nikamwambia ni mti tu, baba. Akasema anajua ni mti.

Ya pili iko uvunguni sasa hivi, mwezi wa pili huu. Kichwa kitakuwa chini.