Jembe la Babu na Habari za Kongwa

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua katika mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Mimi kazi yangu ni kuunganisha vitu vilivyotupwa hadi viwe picha ya ukutani, na kwa muda mrefu nilitamani kuisimulia habari hiyo kwa njia hiyo.

Jaribio la kwanza liliniumiza. Nilinunua minyororo, koroboi na sahani ya plau kwa wauza chuma chakavu hapa Dodoma, nikaviongeza kwenye jembe la babu, nikavisugua vyote kwa msasa, nikavipaka rangi nyeusi na kuvibandika kwa gundi juu ya ubao. Kiangazi hakikuisha kabla gundi haijaanza kuachia, kwa sababu chuma hutanuka kwa joto ilhali mbao zinakauka na kusinyaa. Hilo lingerekebishika. Lisilorekebishika nililijua mama alipokuja kuitazama.

“Jembe la baba ni lipi?” aliniuliza.

“Ni hilo la katikati, mama.”

“Mbona silitambui, mwanangu? Baba alilima kwa mkono wa kushoto, jembe lake likaliwa upande mmoja.”

Ukingo huo nilikuwa nimeusawazisha mwenyewe kwa mashine, nikidhani ninaupendezesha.

Nilianza upya. Tangu hapo ninaondoa vumbi tu kwa brashi kavu, kisha ninapaka mafuta ya kitani kidogo sana ili kutu isiendelee, kwa maana kutu, masizi na mikwaruzo ndiyo maneno ya kitu chenyewe. Gundi nimeiacha. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na kwake nilijifunza kuamini waya. Vitu vizito ninavifunga kwa boliti na washa, katika matundu mapana kidogo kuliko boliti, ili chuma kipate nafasi ya kutanuka.

Sahani ya plau niliyoitafuta mara ya pili ilitoka kwa mkulima wa Kibaigwa, nayo ilikuwa imelika hadi kubaki nyembamba kama kifuniko cha sufuria. Niliiweka juu kabisa, kwa sababu udongo wa Kongwa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoushinda mradi ule: wakati wa kiangazi uligeuka mgumu kama tofali, na changarawe zake zikayala majembe ya matrekta. Chini yake nililitundika jembe la babu, lenye ukingo niliouharibu. Nilimpa mama kipande cha mkaa, naye akachora ubaoni, kando ya jembe, mstari wa ukingo kama anavyoukumbuka, ukishuka upande mmoja. Sijaupaka chochote juu yake.