Mzimu wa Kemondo

Jioni hii nimewasomea watoto wa jirani hadithi ninayoiandika. Ni ya mzimu.

Binti mdogo aliyepandia meli bandari ya Kemondo, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, na mpaka leo anawauliza wavuvi usiku kama Mwanza bado ni mbali.

Wengi mmeshajua nimeitoa wapi. MV Bukoba, Ziwa Victoria, 21 Mei 1996. Ilitoka Bukoba, ikaongeza watu na mizigo Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa imeikaribia Mwanza. Meli ya abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza.

Katika kusoma nikafika pale meli imelala tumbo juu na walio ndani wanagonga chuma. Hilo sikulibuni. Waliokuwa nje waliwasikia. Bati likatobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, meli ikazama.

Hapo mtoto mmoja wa darasa la tatu akanikatiza:

"Na mama yake anajua yuko wapi?"

Nilikosa jibu. Zipo familia Kagera ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika.

Nimeamua. Binti wa hadithi yangu hatauliza tena habari za Mwanza, atamtafuta mama yake.

Ndugu zangu wa Bukoba na Mwanza, wanenu mngewasomea hadithi kama hii? Na wewe uliyempoteza mtu melini, niambie tafadhali: nini nikiandike, nini nisikiguse?